Daftari la Steji: Historia ya Vyama vya Boda Boda Busia na Tororo

Utangulizi

Mwalimu wetu wa historia alipotupa mada ya vyama vya hiari katika Afrika Mashariki, mwenzangu mmoja aliamua kuandika kuhusu vilabu vya motokrosi, yaani mbio za pikipiki zinazofanyika kwenye viwanja vya vumbi na vilima. Alitueleza darasani jinsi mbio za Jamhuri, Nairobi, na zile za Garuga karibu na Entebbe zinavyogharamiwa. Waendeshaji hulipa ada ya kushiriki, wazazi hununua pikipiki na vipuri, wafadhili hutoa zawadi na kutundika mabango yao, na watu wa kujitolea hutengeneza uwanja. Darasa lilivutiwa. Mimi nilikaa nikiwaza kwamba kwetu Busia sijawahi kuona uwanja wa namna hiyo, ilhali vilabu vya pikipiki vipo kila njia panda. Vina ada ya kujiunga, vina mwenyekiti na mweka hazina, vina sare na faini, na vina uwanja pia, hata kama uwanja wenyewe ni kivuli cha mwembe tu. Sisi huviita steji.

Katika insha hii ninakusudia kueleza steji za boda boda za Busia na Tororo zilitoka wapi, zinaendeshwaje na zinapata wapi fedha. Historia ya boda boda husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya jina na ya ujanja wa mpakani. Hoja yangu ni kwamba jambo kubwa zaidi ni chama kilichojengwa chini ya jina hilo, na kwamba chama hicho hudumu pale tu fedha zake zinapotoka mifukoni mwa wanachama na kuandikwa mbele yao. Mbali na yale yanayojulikana na wengi, nimetumia masimulizi ya watu wa familia yangu pamoja na madaftari ya hesabu ya mjomba wangu, ambaye ni mweka hazina wa steji moja upande wa Kenya.

Mpaka uliozaa jina

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia chini ya himaya jirani ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka uliotokana na uamuzi huo ulifuata, kwa sehemu, mito ya Sio na Malaba. Wasamia walijikuta pande zote mbili, na Wateso vilevile. Mtu aliweza kuwa na shamba Kenya na shangazi Uganda, na kumtembelea shangazi huyo hakukuwa safari.

Wakati wa ukoloni mstari huo haukumsumbua sana mwananchi wa kawaida. Kenya na Uganda ziliungana kiforodha mwaka 1917, na hata baada ya uhuru Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 iliziweka nchi hizi karibu. Hata hivyo, mageti yalikuwapo. Pale Busia, kati ya geti la nchi moja na geti la nchi nyingine palikuwa na zaidi ya nusu maili. Abiria aliyeshushwa na basi upande mmoja alilazimika kutembea na mizigo yake hadi upande wa pili, kwa kuwa gari lilihitaji karatasi nyingi ili livuke. Baiskeli haikuhitaji karatasi hizo. Katika miaka ya 1960 vijana walianza kufunga mto wa sponji juu ya karia na kuwaita wasafiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka kwa ulimi wetu: "Boda! Boda!" Jina likabaki.

Watu wa Malaba, katika wilaya ya Tororo, wana mpaka wao pia, na baadhi yao hawakubali kwa urahisi kwamba Busia ndiyo mama wa boda boda. Nimesikia ubishi huu mara nyingi kwenye mabasi. Mimi naona kwamba historia ya utawala inaweza kuutuliza. Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipofanywa wilaya inayojitegemea. Basi anayesema boda boda ilizaliwa Busia na anayesema ilizaliwa Tororo huenda wote wawili wanasema kweli.

Miaka ya magendo

Idi Amin alitwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na maduka mengi yakakosa bidhaa. Sukari, sabuni na chumvi zikawa za kutafutwa Kenya. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikaanza kumiminika Kenya usiku. Soko la Chepkube, Bungoma, lilipata sifa kwa biashara hiyo. Serikali ya Amin nayo iliunda mahakama maalum ya makosa ya kiuchumi, hivyo magendo yakawa jambo la kufa na kupona. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka ukawa mgumu zaidi hata kwa asiyebeba chochote.

Babu yangu aliendesha baiskeli katika miaka hiyo. Hakupenda kueleza alibeba nini, ila alipenda kueleza walibebaje. Kwa mujibu wake, hakuna aliyepita njia za panya peke yake. Walikwenda watano au sita. Mmoja alitangulia bila mzigo ili kuangalia njia, na huyo naye alipewa sehemu yake ingawa hakubeba kitu. Aliyekamatwa, wenzake walichanga ili familia yake ile. "Usipochanga," alisema, "siku yako ikifika utachangiwa na nani?"

Naamini kwamba mbegu ya steji ilipandwa katika safari hizo. Sina maana kwamba steji za leo ni za magendo. Ninachosema ni kwamba kanuni zake kuu tatu, yaani zamu, dhamana na mchango, zilikuwapo kabla hazijapata mwenyekiti wala muhuri. Zilihitajika kwa sababu hakuna serikali ambayo ingemlinda mwendesha baiskeli, si ya upande huu wala ya upande ule.

Kutoka karia hadi pikipiki

Baada ya vita vya Uganda kutulia, pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli katika miji ya Uganda, hasa miaka ya 1990. Upande wa Kenya mabadiliko yalikuja baadaye lakini kwa kishindo. Karibu na mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250. Pikipiki za India na China zikajaa, na Boxer ya Bajaj ikawa kama jina la pikipiki zote.

Mabadiliko haya hayakuwa ya kasi tu. Baiskeli ilikuwa mali ya mwenye kuiendesha. Pikipiki ilikuwa ghali, hivyo wengi waliendesha ya mtu mwingine na kumpelekea hesabu kila jioni. Akipata ajali au kuibiwa, kijana alibaki na deni la mali isiyo yake. Waliotaka kununua zao walikopa kwa kampuni zinazodai marejesho ya kila siku au kila wiki, na asiyelipa alinyang'anywa pikipiki hata kama alibakiza kidogo. Kwa hiyo hatari iliongezeka, na hatari ndiyo iliyofanya steji ziwe vyama kamili. Kundi la marafiki chini ya mti lilitosha kugawana abiria wa baiskeli. Halikutosha kumlipia mtu hospitali, kumdhamini kituo cha polisi, au kumtafuta mwizi wa pikipiki aliyevuka mpaka usiku.

Jinsi steji inavyoendeshwa

Steji ya mjomba ina wanachama 30. Atakayejiunga lazima adhaminiwe na wanachama wawili, alete nakala ya kitambulisho na picha, na alipe ada. Baada ya hapo huangaliwa kwa miezi mitatu. Wadhamini wake hutozwa faini akifanya kosa katika kipindi hicho, kwa hiyo hakuna anayemdhamini mtu ovyo. Viongozi ni mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msimamizi wa nidhamu. Huchaguliwa kila mwaka kwa kusimama nyuma ya unayemtaka, kwa sababu, anasema mjomba, karatasi za kura ni gharama na mgongo wa mtu hauwezi kughushiwa.

Faini zimeandikwa nyuma ya daftari. Kuruka zamu kuna faini. Kugombania abiria, kuja umelewa, kumtukana mama anayeuza chai jirani, yote yana faini. Kosa la kumdhulumu abiria halina faini, kwani adhabu yake ni kufukuzwa.

Kuhusu fedha, kila mwanachama hutoa shilingi 50 za Kenya kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Shilingi 20 huingia kwenye upatu, 20 ni akiba yake mwenyewe ambayo hugawanywa Desemba, na 10 ni za msaada wa ugonjwa na mazishi. Kwa wiki upatu huwa shilingi 3,600, na mtu mmoja huzichukua zote. Mzunguko mzima humalizika baada ya wiki 30. Mfuko wa msaada hupata shilingi 1,800 kwa wiki. Si pesa nyingi. Hata hivyo, mwanachama akivunjika mguu, pikipiki ya kumfikisha hospitali na pesa ya kumfungulia faili hupatikana siku hiyo hiyo, wakati ambapo bima wala mwenye pikipiki hawajapokea simu.

Wanachama wanne wanatoka upande wa Uganda. Kwa sababu hiyo daftari lina safu mbili, moja ya shilingi za Kenya na nyingine ya shilingi za Uganda. Kila Jumatatu asubuhi mjomba huuliza kiwango kwa wabadilishaji pesa wa mpakani, hukiandika juu ya ukurasa kwa wino mwekundu, na hicho ndicho hutumika wiki nzima hata kiwango kikibadilika. Nilipomuuliza nani aliamua hivyo, alicheka. "Tuligombana mwaka mzima, mpwa wangu, ndipo tukaamua." Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1999, bado inazungumzia sarafu moja. Steji hii imejipatia suluhisho lake kwa kalamu nyekundu.

Ni lazima niseme kwamba nimo katika daftari hilo. Mwaka 2022, nilipoitwa chuo kikuu, zamu ya mjomba ya upatu ilikuwa bado miezi minne. Wanachama wawili walikubali kubadilishana naye ili apate shilingi 7,200 kwa wiki mbili mfululizo. Katika daftari pameandikwa maneno matatu: karo ya mpwa. Mmoja wa wale wawili hata jina langu hakulijua.

Pesa kutoka nje

Sheria na serikali hazikukaa mbali na steji. Nchini Kenya kikundi kama hiki husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, ambayo hutaka wanachama wasiopungua kumi. Usajili husaidia kufungua akaunti ya benki. Mikopo ya serikali nayo imekuja. Uganda ilianzisha mpango wa Emyooga mwaka 2019, na waendesha boda boda ni miongoni mwa makundi yaliyotengewa fedha kupitia vyama vya akiba vya kila jimbo la uchaguzi. Kenya ilizindua Hustler Fund mwezi Novemba 2022. Mipango hii inaweza kusaidia, hasa kwa kuwa inadai wanachama waweke akiba.

Kuna pesa nyingine ambazo hazina masharti wala risiti. Hizi huja wakati wa kampeni. Waendesha boda boda ni wengi, ni vijana, wanajulikana na kila mtu, na msafara wa pikipiki 50 hufanya mgombea yeyote aonekane ana watu. Mwaka 2017 mgombea mmoja alifika kwenye steji ya mjomba, akatoa hotuba fupi, akamkabidhi mwenyekiti wa wakati huo bahasha. Mwenyekiti alisema ndani mlikuwa na kiasi fulani. Wengine walisema gari la mgombea lilipoondoka bahasha ilikuwa nene zaidi. Wiki mbili baadaye wanachama 11 walihama na kuanzisha steji nyingine ng'ambo ya barabara. Waliokuwa wakibebana wakiugua walianza kunyang'anyana abiria, na vijana wawili waliokua pamoja walipigana mpaka mmoja akapoteza meno.

Nilitafuta tarehe ya siku hiyo katika daftari. Siku iliyotangulia ina majina yote na alama za vema. Siku iliyofuata pia inayo. Siku ya bahasha haina kitu, hata mchango wa kawaida haukuandikwa. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko mwingine wowote. Steji ilikuwa imehimili ajali, wizi na vifo, na yote hayo yaliandikwa. Zawadi ndiyo iliyoivunja, kwa sababu zawadi haikuandikwa.

Hali hii si ya kwetu pekee. Kampala ilikuwa na chama kikubwa kilichoitwa Boda Boda 2010, kilicholaumiwa kwa kuwalazimisha waendeshaji wajiunge na kuwapiga waliokataa. Kiongozi wake alikamatwa mwezi Januari 2018. Huko chama kilikuwa kimepata nguvu kutoka juu, na mwanachama wa chini hakuwa na uwezo wa kuuliza pesa zinakwenda wapi. Kwa upande mwingine, mwezi Machi 2022, baada ya waendeshaji kumshambulia dereva mwanamke barabarani Nairobi, serikali ya Kenya iliamuru msako wa nchi nzima, kisha ikausitisha baada ya siku chache. Waendeshaji wasio na hatia, pamoja na wa Busia, walikaa nyumbani kwa hofu. Kosa lile lilikuwa la aibu na lilistahili adhabu. Ila msako haukutofautisha steji yenye daftari na kundi lisilojuana majina.

Mtihani wa mwaka 2020

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Uganda ilizuia boda boda kubeba abiria na kuruhusu mizigo tu. Mpaka ulifungwa kwa watu wa kawaida. Malaba, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi yakisubiri madereva wapimwe, huku Busia kivuko chetu, ambacho marais wa nchi mbili walikuwa wamekizindua mwaka 2018 kama kituo kimoja cha huduma za pamoja, kikawa kimya.

Madaftari ya miezi hiyo yanaonyesha jambo la kushangaza. Mchango ulishuka kutoka shilingi 50 hadi 10, lakini haukukoma. Upatu ulisimamishwa. Mwezi Aprili wanachama walikubaliana kugawana akiba ya Desemba mapema, kila mtu chake, na waliokuwa wamehamia ng'ambo ya barabara wakaja kuomba msaada. Mkutano ulichukua saa tatu. Mwishowe walikubali kuwapa unga kutoka mfuko wa msaada, kwa sharti kwamba majina yao yaandikwe. Saba kati ya wale 11 walirudi kabla ya mwaka kwisha. Steji ya ng'ambo haipo tena.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba steji za boda boda za Busia na Tororo ni vyama vyenye historia ndefu. Mpaka uliwapa wateja, miaka ya magendo iliwafundisha kuchangiana, na pikipiki iliwalazimisha kuweka viongozi, ada na hesabu. Nimeeleza pia kwamba chanzo cha fedha kina uzito kuliko wingi wake. Shilingi 10 iliyoandikwa imeijenga steji, na bahasha isiyoandikwa imeigawa.

Mwenzangu wa motokrosi alituambia kwamba klabu ikipoteza mfadhili hutafuta mwingine, na wasipompata mbio huahirishwa. Steji haina mahali pa kuahirishia. Ndiyo maana nadhani vyama hivi vinastahili kusomwa na wanafunzi wa historia kwa makini yale yale tunayoyapa vyama vya siasa na vya wafanyakazi.

Tatizo ni kwamba nyaraka zake zinapotea. Madaftari ya mjomba ya mwaka 2014 na 2015 hayapo. Yalikaa jikoni kwa nyanya, na kurasa zake zikafungiwa mandazi ya kuuza. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ile ni historia. Ninapendekeza idara yetu ianze kuyakusanya madaftari ya namna hii, au angalau kuyapiga picha, kwa idhini ya wanachama na bila kuanika majina yao. Likizo iliyopita nilipiga picha za yale yaliyobaki, kuanzia 2016. Mjomba alinitazama, akaniuliza kama chuo kitamlipa. Nilipomwambia hapana, alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, kisha akaandika kwamba mpwa amechukua picha za madaftari na hakuna pesa iliyotolewa. Akanipa kalamu nitie sahihi.